Bwawa la samaki nyumbani: Chandarua chenye dawa kisiguse maji

Kwa familia za tambarare ya Same, kuanzia Maore hadi Ndungu, mfereji ndio uhai. Mwenye nafasi nyuma ya nyumba anaweza kuchepusha maji kidogo akajaza bwawa la perege, watoto wakapata kitoweo na ada ya shule ikapata pa kutokea. Lakini bwawa lina bomba la kuingizia maji, la kutolea, na pengine pampu. Hapo ndipo vifaranga hupotelea.

Kifaranga chenye ukubwa wa ukucha hakina nguvu ya kushindana na maji yanayovutwa. Hunyonywa na pampu au huondoka na maji ya ziada. Ndiyo maana kila mdomo wa bomba unahitaji chujio.

Kosa la chandarua

Wengi hukimbilia chandarua kilichochakaa. Mzazi, usifanye hivyo. Vyandarua tunavyogawiwa kujikinga na malaria vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi. Kiasi kile hakimdhuru mtu anayelala ndani yake, lakini mwili wa samaki hauwezi kuivunja dawa hiyo haraka, nayo humuua. Kukifua hakuondoi dawa yote.

Tumia wavu wa plastiki wa madirishani usio na dawa. Usiufunge moja kwa moja kwenye mdomo mwembamba wa bomba, kwa kuwa nguvu yote ya maji hukusanyika hapo na kuwabana vifaranga. Toboa ndoo ya plastiki matundu mengi pande zote, izungushie wavu, kisha ingiza bomba ndani yake. Maji yatavutwa taratibu kupitia eneo pana.

Safisha chujio kila asubuhi, na mara baada ya mvua. Likiziba majani, bwawa hufurika na samaki huondoka kwa juu. Jirani akipulizia dawa shambani, funga maji ya mfereji kwanza.

Samaki wakitoroka

Hasara haiishii nyumbani. Maji ya upande huu huelekea Mto Mkomazi, unaoungana na Pangani karibu na Korogwe. Katika Ziwa Jipe na mto Pangani yupo perege wa asili, aliye hatarini kutoweka. Sato wa kufugwa akitoroka anaweza kuzaliana naye na kuharibu mbegu hiyo.

Watoto je?

Kazi ya kusafisha chujio ni ya mtu mzima. Mtoto mdogo huzama kimya kimya, hata kwenye maji yanayomfika magotini. Zungushia bwawa uzio wenye mlango unaofungwa, na zima pampu kabla ya mtu yeyote kuingia majini. Mtoto akitaka kulisha samaki, mshike mkono mwende pamoja.