Nani Atamkanda Mzazi?

Mwanamke akirudi nyumbani na kichanga, habari haikai ndani. Chitete, kama kwingi Tanzania, jirani anabandika maji, bibi anawasili na kuku mkononi, wifi anabeba nguo kwenda kufua. Mzazi anakandwa, ananyweshwa uji wa ulezi, na mtoto anapokewa mikono kwa mikono kabla jua halijazama.

Korona ilipoingia, mikono hiyohiyo ikawa ya kuogopwa.

Chitete ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, lakini habari za huko hupitia Tunduma, mpakani, malori yanakovuka kwenda Nakonde, Zambia. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 16, 2020, mjini Arusha. Mei 9 Zambia ikatangaza wagonjwa wapya 85, na 76 kati yao walikuwa wa Nakonde. Kesho yake Rais Edgar Lungu akaamuru mpaka ufungwe kuanzia Mei 11. Upande wa Tanzania, takwimu za wagonjwa zilikuwa zimekoma kutolewa tangu Aprili 29. Kwa mjamzito aliyekuwa akijiuliza kama aende kliniki au abaki nyumbani, huo ulikuwa wakati mgumu: ugonjwa uko ng'ambo ya barabara, na hesabu ya kumwongoza haipo.

Tanzania haikuwafungia watu ndani. Baadhi ya nchi jirani ziliweka vizuizi, na wajawazito wakaumia. Uganda ilipozuia magari binafsi mwishoni mwa Machi 2020, mwenye uchungu alihitaji kwanza kibali cha mkuu wa wilaya ili apande gari. Wiki kadhaa zikapita kabla Rais Museveni hajawaondolea wajawazito sharti hilo. Kenya iliweka marufuku ya kutoka nje kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, na uchungu hauangalii saa. Daktari Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa wa uzazi Nairobi, aliona wanawake wakichelewa kufika hospitali, akaanzisha Wheels for Life: mjamzito anapiga simu usiku, anazungumza na mhudumu wa afya, na ikilazimu anapelekewa teksi bila malipo. Daktari mmoja aliona tatizo, akashika usukani. Hilo linastahili heshima kubwa.

Lakini usafiri ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni nani anaingia na mjamzito chumba cha kujifungulia. Katika nchi nyingi hospitali ziliwazuia wasindikizaji wakati wa janga, ingawa Shirika la Afya Duniani lilishikilia kwamba kila mwanamke ana haki ya kuwa na mtu anayemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua, hata akiwa na korona. Shirika hilo lilisema pia kwamba mama aliyeambukizwa anyonyeshe, avae barakoa na anawe mikono. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kuwa kumweka mtoto njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kungeokoa watoto zaidi ya 125,000, ambao kuwatenganisha na mama kungewapoteza.

Kwa nyumba ya Momba maana yake ni rahisi kuliko inavyosikika. Anayemkanda mzazi awe mmoja, yuleyule kila siku, mzima wa afya, anayenawa kwenye kibuyu chirizi kabla ya kumgusa mtoto. Wengine walete kuku, wafue, wapike, kisha wasalimie kutoka uani. Hakuna aliyenyimwa nafasi ya kusaidia. Kilichobadilika ni umbali. Na nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, iliyovuma sana mwaka 2020, isipelekwe kwa mjamzito: joto kali linaweza kumfanya azimie.

Tanzania ilikuwa na mengi ya kupoteza endapo wanawake wangekimbia vituo vya afya. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi ulikadiria vifo vya wajawazito na wazazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16. Ule wa 2022 ulikadiria 104.

Kwa upande wa usafiri, Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kitaifa mfumo wa m-mama. Anayepata dharura ya uzazi hupiga 115 bure, na pasipo gari la wagonjwa huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba hiyo iandikwe kwenye kadi ya kliniki mapema, na ndani ya mfuko wa kujifungulia, pamoja na kanga safi na nguo za mtoto, ziwekwe barakoa mbili: ya mama, na ya yule mmoja atakayekwenda naye.