Gemu Jipya kwa Mashine ya Mwaka 1977

Xbox ya kwanza ilipoingia sokoni mwaka 2001, ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 64, mkuu wa kitengo cha magemu cha Microsoft alikuwa Ed Fries. Mwaka 2004 aliacha kazi. Mwaka 2010 akaibuka na gemu alilolitunga mwenyewe, Halo 2600, na mashine aliyolitungia ni Atari 2600, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1977. Kumbukumbu yote ya kufanyia kazi ya Atari hiyo ni baiti 128. SMS moja ya herufi 160 hubeba baiti 140. Shujaa yuko wapi, adui gani bado yu hai, risasi inaelekea upande gani: yote hayo sharti yaenee mahali ambapo SMS moja haienei. Mwaka 2013 jumba la sanaa la Smithsonian, Washington, lililipokea gemu hilo katika mkusanyiko wake wa kudumu, na kwa maoni yangu halikukosea.

Fries hayuko peke yake. Mwaka 2018 Matt Phillips wa Uingereza alitoa Tanglewood kwa ajili ya Sega Mega Drive, mashine ya mwaka 1988, akiwa ameliandika kwa vifaa halisi vya utungaji vya Sega vya zama zile. Mwaka uliofuata likaja Micro Mages, la NES. Haya ni magemu kamili, yanauzwa ndani ya kaseti, na ukiichomeka kwenye mashine ya zamani inawaka.

Kwa nini kuitungia mashine ya kale? Jibu la haraka ni kwamba watu wazima wanautamani utoto wao. Lipo hilo, lakini halitoshi. Anayetamani utoto hucheza magemu ya utotoni. Hana haja ya kukesha miezi na miaka akitunga jipya. Kinachowavuta watungaji hawa ni kwamba mashine iliyokwisha kutoka sokoni haibadiliki tena. Simu ya leo kila mara inadai toleo jipya, na ulichojifunza mwaka juzi huenda kisikufae mwakani. Atari ya 1977 ni ileile. Kila kilichogunduliwa juu yake kimejilimbikiza, na leo wapo watungaji wanaoijua kuliko wengi walioitungia ilipokuwa mpya.

Kuielewa kunaanzia kwenye TV ya chogo. Ndani ya chogo lile mna mwali wa elektroni unaopiga kioo kwa nyuma. Huanza juu kushoto, huchora mstari hadi kulia, hurudi, hushuka kidogo, huchora mwingine. Kwa mfumo wa Marekani mistari 262 hukamilisha picha moja, na picha huja kama 60 kwa sekunde. Kompyuta za leo huiandaa picha nzima kwenye kumbukumbu kabla ya kuipeleka kwenye kioo. Atari haina pa kuihifadhi picha. Ina chipu iitwayo TIA, ambayo inajua mstari mmoja tu: maumbo mawili ya wachezaji yenye upana wa nukta 8, makombora mawili, mpira mmoja, na mandhari ya matofali mapana nyuma yake.

Kwa hiyo programu inalazimika kuibadilishia TIA maelezo huku mwali ukitembea. Prosesa inapata mapigo 76 kwa kila mstari. Agizo fupi kabisa hula mapigo 2, na la kuiandikia TIA hula 3. Ukichelewa pigo moja tu, rangi uliyoikusudia inaanza nukta tatu kulia zaidi. Mistari inayoonekana ni kama 192. Ile 70 iliyobaki, mwali unapopita bila kuchora, ndiyo nafasi pekee ya gemu kuhesabu alama, kusogeza maadui na kuangalia mchezaji amebonyeza nini. Halo 2600 inafanya yote hayo kwa programu ya kilobaiti 4.

Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983 na kuuzwa Marekani na Ulaya kwa jina la NES, ilikwenda mbele sana. Hujenga picha kwa vigae vya nukta 8 kwa 8. Kioo chake cha nukta 256 kwa 240 kinajaa kwa vigae 960, kila kimoja kikitajwa kwa namba ya baiti moja. Kuihifadhi picha hiyo nukta kwa nukta, kwa rangi nne tu, kungekula baiti 15,360. Juu ya vigae huelea maumbo yanayotembea, 64 kwa jumla, ila yasizidi 8 kwenye mstari mmoja. La tisa halichorwi.

Kikundi cha Morphcat Games kiliitunga Micro Mages, gemu la wachawi wadogo wanaopanda mnara, hadi wachezaji wanne kwa pamoja, ndani ya kilobaiti 40, ukubwa uleule wa Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Mchawi mwenye upana wa nukta 16 angekula maumbo mawili. Wanne wakisimama usawa mmoja wangemaliza yote manane, na adui akitokea hapo hana pa kuonekana. Basi kila mchawi akawa umbo moja, mwili mzima ndani ya nukta 64. Hilo liliokoa vigae na likawaachia maadui nafasi kwenye mstari. Mnara nao ulihifadhiwa nusu: mashine inasoma upande mmoja, kisha inaupindua kupata wa pili. Mchezaji anayeparamia kuokoa maisha yake hana muda wa kuligundua.

NES ilikuwa pia na kufuli. Chipu ndani ya mashine ilizungumza na mwenzake ndani ya kaseti, na isipopata jibu sahihi iliizima na kuiwasha mashine bila kukoma. Leo chipu ndogo ya bei nafuu inatosha kujibu. Famicom ya Japani haikuwa na kufuli hilo, na hiyo ni sababu mojawapo ya viwanda vya Taiwan na China kuinakili ovyo. Nakala hizo ndizo zilizojaa madukani Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, pamoja na kaseti za njano zilizodai kubeba magemu 9999, kumbe ni machache yanayojirudia. Wengi wetu tuliikuta Famicom bila kuijua jina.

Ndiyo maana suala hili nalihesabu kuwa letu. Prosesa ya Famicom inatokana na 6502, chipu iliyotoka mwaka 1975 kwa dola 25, na Atari inatumia ndugu yake mwenye miguu michache, 6507. Maagizo yake ni 56 tu, yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Mwanafunzi anayefundishwa rejista na anwani za kumbukumbu kwa michoro ya ubaoni hukariri ili afaulu mtihani. Akiyaandika mwenyewe kwa mashine hii, kosa lake analiona kwenye kioo papo hapo. Vifaa ni vya bure: cc65 ya kutafsiri programu, emuleta (programu inayoiga mashine) ya FCEUX kwa NES na Stella kwa Atari, na vyote vinakwenda kwenye laptop kuukuu.

Mwalimu wa kompyuta, ijaribu muhula ujao. Wape wanafunzi kazi moja: wachore kigae cha nukta 8 kwa 8, kisha wakitembeze kwenye kioo kwa kubonyeza kitufe. Usiwape zaidi ya ukurasa wa maagizo na wiki mbili. Atakayekifikisha kigae upande wa pili mpe kaseti nzima aitunge, kilobaiti 40, isizidi hapo.