Saa Moja Angani kwa Dola 760

Kwa dola 120,000 hivi, mtu aliyeko Marekani anaweza kununua Cessna 310R ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ikiwa bado na afya: injini mbili za nguvu farasi 285 kila moja, viti hadi sita, magurudumu yanayokunjwa, na mwendo wa zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Ndege mpya ya daraja lilelile, Beechcraft Baron G58, imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Anayeziona bei hizo mbili kwa mara ya kwanza hudhani ameokota embe dodo chini ya mwarobaini. Kumbe soko limekwisha kupiga hesabu ya yatakayofuata na kuyakata mapema kwenye bei. Ndege ni ya miaka 45 iliyopita, lakini fundi, silinda, bima na petroli hulipiwa kwa bei ya mwaka huu.

Cessna 310 iliruka kwa mara ya kwanza Januari 1953, na hadi kiwanda cha Wichita, Kansas, kilipoacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilikuwa zimetoka zaidi ya 5,000. Mwaka 1978 viwanda vya Marekani viliuza ndege ndogo na za binafsi 17,811. Mwaka 1994 viliuza 928. Kesi za fidia, riba kubwa na mafuta ghali viliiangusha biashara hiyo. Cessna iliporudi kwenye ndege za pistoni, baada ya sheria ya 1994 kumwondolea mtengenezaji dhima ya ndege yenye zaidi ya miaka 18, ilirudi na za injini moja tu. Kwa hiyo kila 310 inayoruka leo ni kuukuu, na baadhi ya vipuri vyake hung'olewa kwenye zilizokwisha kustaafu.

Tuchukue mmiliki anayeruka saa 80 kwa mwaka, na tumpigie hesabu kwa bei za Marekani. Ni makadirio yangu, na msomaji ana uhuru wa kuweka tarakimu zake. Hanga: dola 7,200 kwa mwaka. Bima: 6,500. Ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, pamoja na mabovu yanayofichuliwa humo: 12,000. Mafunzo ya kurudia, hasa ya kurusha ndege injini moja ikiwa imezimika: 2,500. Data na ramani za kielektroniki: 1,200. Hapo ni dola 29,400 ambazo atazilipa hata ndege isipotoka hangani. Ukizigawa kwa saa 80 ni kama dola 368 kwa saa, na bado injini hazijawashwa.

Zikiwashwa, hunywa kama galoni 29 za Marekani kwa saa, yaani karibu lita 110. Kwa dola 6.50 kwa galoni, hiyo ni dola 189. Matengenezo madogo ya njiani tuyape dola 60 kwa saa. Propela mbili, zikifanyiwa ukarabati kila miaka sita kwa dola 5,000 kila moja, zinadai dola 21. Akiba ya injini ni dola 125. Jumla inafika dola 760 kwa saa, kama dola 61,000 kwa mwaka. Ndani ya miaka miwili mmiliki wetu amekwisha kutumia fedha nyingi kuliko alizoinunulia ndege.

Akiba ya injini inahitaji kuelezwa, maana ndiyo inayopindua mahesabu ya wengi. Continental, mtengenezaji wa injini za 310R, inapendekeza injini hiyo ya IO-520 ifumuliwe na kujengwa upya kila saa 1,700 au kila miaka 12, lolote litakalotangulia. Sheria za Marekani humruhusu mmiliki binafsi kuvuka hapo, na wengi huvuka iwapo injini haili oili na shinikizo la silinda linaridhisha. Tuseme kuijenga upya, pamoja na kuitoa na kuirudisha, ni dola 60,000. Ukiigawa kwa saa 1,700 unapata dola 35, tarakimu ambayo wauzaji huipenda sana. Lakini anayeruka saa 80 kwa mwaka atafikisha saa 960 tu ndani ya miaka 12, kwa hiyo kila saa inabeba dola 62.50, na injini ni mbili. Wala miaka hiyo 12 haikuwekwa ili kumwonea mteja. Injini isiyowashwa kwa majuma huanza kushika kutu kwenye kemshafti na kuta za silinda, na mahali penye unyevu kutu hiyo haichelewi.

Kwa sababu hiyo ndege ya kuegeshwa ndiyo ghali kuliko zote. Mmiliki yuleyule akiruka saa 40 kwa mwaka, kila saa inamgharimu karibu dola 1,275. Akiruka saa 200, inashuka hadi kama dola 475, ingawa kwa matumizi hayo bili ya ukaguzi haitabaki ileile. Watu watatu wakishirikiana ndege moja na kila mmoja akaruka saa 65, wanakuwa chini ya dola 480 kwa saa. Sijui kifaa chochote cha kufunga kwenye dashibodi kinachookoa fedha kiasi hicho. Ushirika wa watu watatu wanaoaminiana, wenye mkataba ulioandikwa na akaunti ya injini isiyoguswa kwa jambo jingine, ningeuweka mbele ya skrini yoyote.

Sasa tuulize fedha hizo zote zinanunua nini. Injini ya pili hununuliwa kwa ajili ya siku ile ya kwanza itakapokufa. Cessna 310R, ikiwa mpya na imebeba uzito wote unaoruhusiwa wa kilo 2,495, hupanda futi 1,662 kwa dakika ikiwa usawa wa bahari katika hali ya hewa ya kawaida. Kwa injini moja hupanda futi 370. Umepoteza nusu ya nguvu, lakini uwezo wa kupanda umepungua kwa asilimia 78, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya injini yoyote huishia kuipasua hewa, na kinachobaki juu ya hapo ndicho kinachoinua ndege. Hizo futi 370 zenyewe zina masharti: magurudumu yawe yamekunjwa, mapanga ya propela iliyokufa yawe yamegeuzwa yakate upepo kwa ubavu, ndege iegemee kidogo upande wa injini iliyo hai, na rubani awe ameyafanya yote hayo bila kubabaika.

Kisha ipeleke ndege hiyo Wilson, Nairobi. Kiwanja kiko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzijoto 26 hewa yake ni nyepesi kama ya futi 8,100 hivi. Kiwanda kinasema 310R yenye injini moja huishiwa na uwezo wa maana, yaani kupanda futi 50 kwa dakika, inapofika futi 7,400. Nikiunganisha tarakimu hizo kwa mstari ulionyooka, napata kwamba mchana ule, ikiwa na uzito wote, inapanda kama futi 20 kwa dakika. Hiyo ni ndege mpya. Yenye injini zilizokwisha kula saa 1,500 na rangi iliyopakwa juu ya rangi haipandi kabisa. Injini ya pili itakuchagulia mahali pa kuangukia palipo bora kidogo, na wanaoishi chini ya njia za kurukia za Wilson wana haki ya kujua hilo.

Teremka hadi Dar es Salaam uone ndege ileile ilivyo nyingine. Kwa nyuzijoto 31, kwa hesabu hiyohiyo, inapata karibu futi 280 kwa dakika kwa injini moja. Kuvuka mlango wa bahari hadi Unguja, pasipo na shamba wala barabara ya kutua, injini ya pili inastahili kila dola iliyolipiwa. Kwa hiyo swali la kama injini mbili ni salama zaidi halijibiki mpaka utaje kiwanja, saa ya kuondoka na uzito uliopakia.

Uzito ndio unaonifanya niwe mkali kwenye suala la vifaa. Chukua 310R ambayo, ikiwa tupu pamoja na vifaa vyake, ina kilo 1,650. Ijaze galoni 200 kwenye matangi yake yote, karibu kilo 545. Zinabaki kilo 300: watu wazima watatu na mizigo yao, ndani ya ndege ya viti sita. Kila kilo 20 za masanduku ya redio yaliyokufa na nyaya zisizoelekea popote, ambazo mafundi wa miaka 40 walizikata na kuziacha humo, ni sawa na lita 28 za petroli, yaani robo saa ya safari. Kazi ya kwanza ya kuipa vifaa ndege kuukuu ni kuvua vya zamani, kisha kuipandisha kwenye mizani. Ndege inayoruka kwa uzito uliokokotolewa kwenye karatasi tangu enzi ya mmiliki wa tatu haina uzito unaojulikana.

Kinachofuata ni kipima injini cha kielektroniki kinachosoma joto la kila silinda. Silinda ni kumi na mbili, na kuibadilisha moja, pamoja na kazi ya fundi, kunaweza kuzidi dola 3,000. Continental imeweka mwisho wa joto la kichwa cha silinda kuwa nyuzi 238 za Selsiasi, lakini marubani wanaotaka injini zao zidumu hujitahidi kubaki chini ya 193. Kipimo cha kiwandani husoma silinda moja kwa kila injini, kwa hiyo silinda kumi hufanya kazi bila shahidi. Kifaa hicho kinagharimu dola elfu kadhaa, na kikikuonya mapema juu ya silinda mbili tu kimekwisha kujilipa.

Pamoja nacho, kipima mtiririko wa mafuta. Kwenye 310 matangi makuu ndiyo yale yaliyo kwenye ncha za mabawa, na petroli inayozidi mahitaji ya injini hurudishwa huko, hata kama imetoka tangi la akiba. Rubani asipoanza kwa matangi makuu na kuyapunguza kwanza, petroli inayorudi hukuta tangi limejaa na kumwagwa nje kupitia tundu la hewa. Watu wameishiwa na mafuta wakiamini wanayo.

Halafu usukani wa kujiendesha, hasa kwa anayeruka peke yake ndani ya mawingu. Ule wa asili wa Cessna unazidi kuwa mgumu kutengenezwa. Garmin GFC 600 imeidhinishwa kwa 310, lakini pamoja na ufungaji hula makumi ya maelfu ya dola. Skrini kubwa za rangi nimeziacha mwisho kwa makusudi. Dashibodi mpya kabisa inaweza kupita dola 100,000, karibu bei ya ndege yenyewe, na siku ya kuuza mnunuzi hatakurudishia hata nusu yake. Nimeona ndege zenye dashibodi ya kuvutia na mipira ya mafuta iliyokauka. Mpangilio huo wa fedha unanikera, kwa sababu abiria anaona skrini tu.

Kwenye mabati yenyewe nitataja machache. Magurudumu ya 310 huendeshwa na mota moja ya umeme kupitia mlolongo wa vyuma, na mlolongo huo usipopimwa na kurekebishwa kama kitabu kinavyotaka, mguu hukunjika wakati wa kutua, na propela na injini huenda nao. Zilizotengenezwa kabla ya 1964 hutolea moshi juu ya bawa, na moshi huo hula bati. Kwa ndege itakayoishi Mombasa au Zanzibar, ambako chumvi nayo inafanya kazi yake, hizo ningeziepuka. Cessna pia ilitoa orodha ya ukaguzi wa ziada wa kutu na uchovu wa chuma. Marekani mmiliki binafsi halazimiki kuifuata; Australia ilimlazimisha.

Petroli yenyewe ina mashaka yake. Avgasi ya 100LL ina madini ya risasi, na Marekani imelenga kuiondoa kufikia mwisho wa 2030. Mbadala mmoja, G100UL, uliidhinishwa mwaka 2022 kwa injini zote za pistoni za ndege, lakini kufika viwanjani ni habari nyingine. Afrika Mashariki tatizo ni la kale zaidi: nje ya viwanja vikubwa, avgasi mara nyingi huja kwa mapipa, wakati Jet A-1 inapatikana kwa wepesi zaidi. Ndiyo maana kampuni za safari za mbugani zimekimbilia Cessna Caravan, yenye injini moja ya tabo inayokunywa Jet A-1 na kufanya kazi saa 3,600 kabla ya kufumuliwa. Zimeiacha injini ya pili kwa hesabu, na kwa viwanja vya nyanda za juu naona hesabu yao ni sahihi.

Anayeitaka 310 hata hivyo, aipeleke kwa fundi aliyezizoea aina hiyo na asiyefahamiana na muuzaji, alipie siku mbili tatu za kuifungua, na asome kila ukurasa wa vitabu vya matengenezo akitafuta miaka ambayo haikuruka. Akishalipa dola 120,000, abaki na 60,000 nyingine benki, gharama ya injini moja, kwa kuwa inaweza kudaiwa mwezi wa kwanza. Asiyebaki nazo atafute Bonanza ya injini moja, na arushe saa nyingi zaidi kwa fedha zilezile.