Somo la Sanaa ya Kuchora katika Sekondari: Mwanafunzi wa Kiislamu Achore Nini?

 

Limekuwa likitufikia suala moja kutoka kwa wazazi, na hata kwa baadhi ya maimamu, kuhusu somo la sanaa katika shule za sekondari za Kenya. Zamani, katika mfumo wa 8-4-4, somo hili lilikuwa la hiari katika sekondari. Mzazi asiyelitaka alimwambia mwanawe achukue biashara au kilimo, na maneno yakaisha. Leo hayaishi hivyo. Mtaala wa umilisi uliingia Gredi ya 7 Januari 2023, na masomo yalipopunguzwa mwaka 2024, sanaa iliunganishwa na michezo ikawa somo moja ambalo kila mwanafunzi wa sekondari ya chini hana budi kulisoma. Januari 2026 kundi la kwanza likaingia Gredi ya 10, ambapo mwanafunzi huchagua njia moja katika tatu, na mojawapo ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Basi kijana wa Kiislamu hukaa darasani, mbele yake karatasi na rangi, na mwalimu amemwambia achore watu wakiwa sokoni. Afanye nini?

Majibu anayoyapata ni mawili. Wako wanaomwambia kuwa picha ni haramu, basi alitoke somo hilo. Na hawamwambii atalitokaje ilhali ni la lazima. Na wako wanaomwambia kuwa hayo yalikuwa zama za masanamu, leo hakuna anayeabudu picha, achore atakacho. Sisi tunaona wote wawili wamefanya haraka. Wa kwanza ameharamisha jambo pana kwa dalili ya sehemu yake, na wa pili amezipita Hadithi sahihi kana kwamba hazikupokewa. Anayeumia ni kijana, kwani ama atachora huku moyo wake ukimsuta, ama atamwambia mwalimu uongo kuwa kazi yake imepotea.

Tuanze na dalili. Imam Bukhari na Imam Muslim wamepokea kwa Abdullah bin Mas'ud (r.a.) kwamba miongoni mwa watu watakaopata adhabu kali mno Siku ya Kiyama ni watengenezaji picha. Na katika mapokezi mengine imeelezwa kuwa wataambiwa wavitie uhai walivyoviumba. Hadithi hizi ni sahihi, na hakuna mwanachuoni wa kutegemewa aliyezikanusha. Makemeo yake ni mazito, na mwenye kuyasoma kisha akacheka hajajua anachokisoma.

Lakini hebu tuitazame Hadithi ya Abdullah bin Abbas (r.a.), nayo pia imo katika vitabu hivyo viwili. Alimjia mtu mmoja akamweleza kwamba riziki yake ni kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha hizi. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.) juu ya adhabu ya mwenye kutengeneza picha. Yule mtu akaingiwa na hofu kubwa mpaka uso ukambadilika rangi. Ndipo Ibn Abbas akamwambia kwamba ikiwa hana budi kufanya kazi hiyo, basi na achore miti na kila kisichokuwa na roho.

Mtu huyu hakuwa mwanafunzi, alikuwa fundi na ujira wake wategemea kazi hiyo. Ibn Abbas hakumwambia avunje kalamu zake. Alimwachia ufundi wake, akambadilishia kinachochorwa. Kwa hiyo kuchora kwenyewe, yaani kujua mstari, kivuli, vipimo na rangi, si jambo lililoharamishwa. Kilichokatazwa ni umbo la chenye roho. Anayesema somo lote ni haramu amekwenda mbali kuliko alikokwenda Ibn Abbas.

Sasa tuingie katika umbo lenyewe la chenye roho, maana hapa ndipo penye mjadala. Wanavyuoni karibu wote wameafikiana kuwa sanamu lenye kiwiliwili kamili, lenye kivuli, liwe la mtu au la mnyama, ni haramu kulitengeneza. Ama picha bapa, iliyo juu ya karatasi, ukuta au kitambaa, isiyo na kivuli, hapo pana hitilafu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ametamka wazi katika sharhe yake ya Sahihi Muslim kuwa hakuna tofauti kati ya yenye kivuli na isiyo na kivuli, zote ni haramu, na akaiita kauli ya kutofautisha kuwa ni batili. Hii ndiyo kauli ya madhehebu yetu ya Shafi, na ndiyo waliyotusomesha masheikh zetu. Wenzetu Wamaliki wao wametofautisha. Lililo mashuhuri kwao ni kuwa lenye kivuli ni haramu, na lisilo na kivuli ni makuruhu au ni kinyume cha lililo bora, ikitegemea limewekwa wapi.

Na mwanafunzi wa fiqhi asiishie kwa Nawawi tu. Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852 Hijria, 1449), naye ni Mshafi kama sisi, alipofika kwenye mas'ala hii katika Fat'hul Bari alisema kuwa kuiita kauli hiyo batili moja kwa moja kuna maneno. Hoja yake ni kwamba imepokewa kwa sanadi sahihi kutoka kwa Al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Abubakar (r.a.), kuwa nyumbani kwake mlikuwa na pazia lenye picha za viumbe. Al-Qasim ni mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Na zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyeipokea kwa shangazi yake Bibi Aisha (r.a.) ile Hadithi ya pazia lenye picha ambalo Mtume (s.a.w.) alilichukia, likakatwa likafanywa mito ya kuegemea. Mpokezi wa Hadithi ndiye aliyekuwa na pazia! Ibn Hajar hakusema kwamba hili linafuta kauli ya Nawawi, na sisi hatusemi hivyo. Ila linatosha kuonyesha kuwa aliyeshika rai ya pili hakuifuata kwa matamanio tu. Na iko Hadithi ya Abu Talha (r.a.) juu ya malaika kutoingia nyumba yenye picha, ambayo ndani yake kimevuliwa kile kilicho pambo katika nguo. Wenye kuruhusu wameishika, na wenye kukataza wakasema maana yake ni nakshi za miti na mfano wake.

Yako mambo mengine mawili yaliyotolewa katika katazo, na yote yana faida darasani. Kwanza ni umbo lisilo kamili. Jibrili (a.s.), katika Hadithi ya Abu Huraira (r.a.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, aliamrisha kichwa cha sanamu kikatwe ili libaki kama mti. Mafakihi wakachukua hapo kuwa umbo lisilo na kichwa haliingii katika hukumu ya picha. Je, na umbo lililokosa kiungo kingine ambacho hakuna uhai bila ya hicho, kama tumbo au kifua? Wapo waliolikisia na kichwa, na wapo waliosema ni kichwa peke yake.

Pili ni wanasesere wa watoto. Bibi Aisha (r.a.) alicheza nao nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na katika mapokezi ya Abu Daud miongoni mwao alikuwemo farasi mwenye mbawa, na Mtume (s.a.w.) akacheka alipomwona. Vilevile Ar-Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) amesimulia kuwa waliwafungisha watoto siku ya Ashura na kuwatengenezea kichezeo cha sufi cha kuwaliwaza wakililia chakula. Kadhi Iyadh amenakili kuwa wanavyuoni wengi wameruhusu hayo, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo ya malezi. Baadhi ya watu wa zama hizi wamelikisia somo la sanaa na wanasesere, wakasema kila kilicho cha mafunzo kimeruhusiwa. Sisi kiasi hiki hatukikubali chote. Mwanasesere hutupwa, huburutwa, hulaliwa. Sanamu la maonyesho ya shule husimamishwa juu ya meza watu walitazame na kulisifu. Hivyo viwili haviko sawa. Lakini kama kazi aliyopewa mwanafunzi ni kushona mwanasesere wa mtoto, basi hiyo imo ndani ya ruhusa.

Turudi sasa darasani. Sehemu kubwa ya somo hili haina shaka yoyote. Kuchora mtungi na matunda mezani, jahazi, mnazi, ufuo, nyumba za mji, kuchanganya rangi, kubuni herufi na mabango, kuchapa vitambaa, kusuka, yote hayo ni halali kwa makubaliano. Katika kufinyanga, mwanafunzi afinyange vyungu, vitasa, vetezo. Akiambiwa afinyange mtu au ng'ombe mzima, amwombe mwalimu kazi nyingine, na hapa hatuoni ruhusa ya kuifuata, kwani rai za wanavyuoni zimekutana.

Ama kuchora watu wakiwa sokoni, aanze kwa kutafuta swali lingine. Mara nyingi mwalimu hutoa zaidi ya moja, na ikiwa hakutoa, huenda akakubali soko lenyewe na vibanda vyake na mapakacha ya maembe bila ya watu. Akikosa njia, na alama zake zikawa zategemea kazi hiyo, basi tunaona anayo nafasi ya kufuata kauli ya Wamaliki katika picha bapa, kwa haja, bila ya kuijaza nyumba yake picha hizo. Wako wanavyuoni wa sasa wanaosema aache sura za uso bila ya macho na pua. Hilo li karibu na tahadhari kuliko kukamilisha, ingawa waliotangulia walitaja kukatwa kichwa, si kufutwa macho. Mipaka isiyovukwa na kauli yoyote inajulikana: asichore Mitume, wala uchi, wala kinachotukuzwa katika ibada za wengine, wala cha kumdhihaki mtu.

Na imamu asimwite kijana huyo fasiki. Iko kanuni ya fiqhi kuwa lililo na hitilafu inayozingatiwa halikemewi kama linavyokemewa lililoafikiwa. Unaweza kumnasihi, unaweza kumwambia uliloliona wewe ni bora zaidi. Kumtoa katika safu ya watu wema ni jambo jingine.

Linalotushangaza ni kwamba kijana huyo huyo, saa moja baadaye, huchora moyo, mapafu na mifupa katika somo la sayansi na hakuna anayemuuliza. Waislamu waliotangulia hawakuona tabu katika hilo. Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu mwaka 1013, aliweka katika kitabu chake cha utabibu michoro ya vyombo vya upasuaji ipatayo 200. Na Mansur bin Ilyas wa Shiraz, mwishoni mwa karne ya 14, aliandika kitabu cha viungo chenye michoro ya mwili mzima wa mtu, akionyesha mishipa na mifupa. Haja ya tiba ilifahamika.

Kuna upande mwingine ambao wazazi hawaufikirii. Anayedhani sanaa ni mali ya wasiokuwa Waislamu, na aende Kizimkazi, Unguja, akatazame kibla cha msikiti wake: maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Atazame misahafu iliyoandikwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, na pambo zake za wino. Atazame zidaka za nyumba za Lamu na nakshi za milango yake, mikeka ya ukili uliotiwa rangi, na kofia za viua zinazoshonwa mpaka leo. Mafundi hawa waliujua mstari na kipimo. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 328 Hijria (940), aliipimia kila herufi kwa nukta za kalamu na kwa duara ambalo kipenyo chake ni alifu. Hilo ni somo la vipimo ambalo mwalimu yeyote wa sanaa angelipokea kwa furaha.

Leo misikiti mipya hubandikwa maandishi yaliyochapwa ng'ambo, na vitabu vya madrasa zetu huchapwa kwa herufi zinazomchosha mtoto macho, kwa kuwa tunakosa vijana waliofunzwa. Kijana wa Gredi ya 10 aliyechagua njia ya sanaa anaweza kuwa mchoraji ramani za majengo, mbunifu wa khanga na vitambaa, mpangaji wa vitabu, au mwandishi wa hati. Hatusemi kila mtoto aende huko. Tunasema asizuiwe aliyejaaliwa mkono huo kwa hofu ya kazi mbili tatu ambazo njia ya kuziepuka ipo.

Kwa hiyo imamu aliye na vijana wa sekondari mtaani kwake, kabla ya kutoa fatwa, na aende shuleni pamoja na mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, waombe kuona orodha ya kazi za muhula mzima. Waonyeshe mapema zipi mwanafunzi Mwislamu ataomba kubadilishiwa, na wapendekeze cha kuweka mahali pake: nakshi ya mlango, hati ya Kiarabu, pambo la msahafu, chungu badala ya sanamu. Mambo haya yazungumzwe mwanzo wa muhula, kwani kazi ikishakusanywa na kutiwa alama mwalimu hana nafasi tena ya kubadilisha. Na ikiwa chumba cha sanaa ndicho wanachosalia wanafunzi adhuhuri, picha zilizo upande wa kibla ziondolewe au zifunikwe, kwa Hadithi ya Anas (r.a.) aliyoipokea Bukhari, ambamo Mtume (s.a.w.) aliamrisha pazia la Bibi Aisha (r.a.) liondolewe kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimjia mbele yake katika swala. Wallahu a'lam.