Mawimbi ya Ngano, Mawimbi ya Mpakani

Mtu atokaye Haydom kuelekea Basotu, huko Tanzania, ngano ikikaribia kuiva, huona masuke yakiinama na kuinuka safu kwa safu mithili ya bahari yenye kusi, naye aghalabu hudhani kuwa upepo waja kwa mafungu. Ilhali wajuzi wa ilmu ya hewa wamebainisha kwamba chanzo ni hitilafu ya mwendo baina ya hewa iendayo mbio juu ya masuke na ile izubaayo kati ya mabua, kwani vitu viwili vipitanapo kwa kasi zisizolingana mpaka wao hautulii, bali kikunjo kidogo hukua, kikapinda, kikajiviringa. Asili ya jambo hilo waliieleza wanafizikia Helmholtz, 1868, na Kelvin, 1871.

Lilo hilo hutukia yapata kilomita 65,000 juu yetu, upande wa mchana, ambako sumaku ya dunia hukabili upepo wa jua, nao ni plazma, yaani gesi ambayo chembe zake za umeme zimeachana kwa ukali wa joto, iendayo kadiri ya kilomita 400 kila sekunde. Wengi huuita mpaka huo ngao. Neno hilo silipendi, maana ngao haiyumbi kama shamba la ngano. Hata hivyo sumaku ina ukaidi wake: nyuzi zake zikilala sambamba na mwendo hukazana kama uzi wa zeze, wimbi likadumaa, zikikingama, wimbi hupata nafasi.

Mvunaji mmoja shambani huona bua lake tu likiinama, asijue umbo la wimbi; chombo kimoja angani nacho ni vivyo hivyo. Ndiyo sababu shirika la anga la Ulaya likapeleka vyombo vinne pamoja, Cluster, ambavyo tarehe 20 Novemba 2001 vilikuta ubavuni mwa mpaka vimbunga vya plazma vyenye upana wa hadi kilomita 40,000, zaidi ya dunia tatu zikipangwa sanjari, na ndani yake plazma ya jua imekwisha changanyika na ya kwetu. La ajabu ni kwamba saa hiyo sumaku ya upepo wa jua ilielekea kaskazini, hali ambayo ilidhaniwa kuifungia plazma ya jua mlango.

Misukosuko hiyo hushuka kwa mapigo ya dakika kadhaa, ikasomwa na vipimo vya sumaku vilivyo ardhini. Wala pwani yetu ya Afrika Mashariki haikukosa sehemu katika utafiti huu: Explorer 45, chombo kilichochunguza dhoruba za sumaku ndani ya mpaka huo, kilirushwa tarehe 15 Novemba 1971 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi.