Jumamosi Hupiganiwa Tangu Jumatatu

Mtu apitaye katika makazi ya askari Jumamosi asubuhi hana haja ya kuuliza leo ni siku gani. Kamba zote zimejaa sare. Mabeseni yametapakaa uani, foleni ya majerikani imefika mbali na bomba, na moshi wa sigiri umetanda juu ya mabati tangu alfajiri. Jumapili, baada ya ibada, pasi za makaa hushika zamu. Na giza liingiapo, kila mtu amechoka kuliko alivyokuwa Ijumaa. Jumatatu tunasimama tena kwenye gwaride. Viatu vinang'aa, lakini macho ni mekundu.

Je, hayo ndiyo mapumziko?

Zamani ilichukuliwa kwamba askari ndiye mwenye kazi na mkewe ndiye mwenye nyumba. Siku hizi mambo yamegeuka. Mume ni koplo na mke ni mwalimu. Au mke ni inspekta wa polisi na mume ni karani wa wilaya. Au wote wawili huvaa sare. Wote hutoka asubuhi, wote hurudi jioni. Lakini kazi za nyumbani hazikupungua kwa sababu mama ameajiriwa. Zimesukumwa tu hadi siku mbili za mwisho wa juma, na aghalabu zimeachwa juu ya mabega ya mtu mmoja, yule yule wa tangu zamani.

Hatuandiki haya ili kumfundisha mtu jambo ambalo sisi wenyewe tulilijua tangu mwanzo. Tuanze basi na kosa letu.

Mwishoni mwa mwaka 2021 tulirudi nyumbani kutoka Somalia, tulikokuwa pamoja na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Jeshi letu ndilo lililotangulia kuingia Mogadishu katika kikosi hicho, mwezi Machi mwaka 2007, na tangu hapo nyumba nyingi katika kambi zetu zimeonja kuondokewa na baba au mama kwa mwaka mzima. Binti yetu mdogo tulimwacha akiwa na miaka mitano, tukamkuta na sita. Siku ya kwanza alitusalimu kama asalimiavyo mgeni, kisha akajificha nyuma ya khanga ya mama yake.

Tukamwahidi kwamba Jumamosi tutampeleka Entebbe, kwenye bustani ya wanyama iliyo kando ya Ziwa Viktoria, akawaone simba. Jumamosi ikafika. Mama yake, ambaye ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu ya usiku. Nguo za wiki nzima zilikuwa zikimngoja, na unga ulikuwa umekwisha. Tukasema, "Jumamosi ijayo." Ijayo ikafika, ikawa vile vile. Jumamosi ya tatu mtoto aliuliza kwa sauti ndogo. Jumamosi ya nne hakuuliza kabisa.

Ndugu msomaji, mtoto aombaye husumbua. Lakini mtoto aliyeacha kuomba anatisha.

Jioni ile tulilalamika kwa sauti ya afisa. Tulisema kwamba nyumba haina mpango, na kwamba kazi ya siku moja haiwezi kula siku mbili. Mama watoto alikuwa akikamua suruali yetu ya sare. Hakuinua uso. Alisema, "Baba watoto, huko Mogadishu ni nani aliyekufulia?"

Hatukuwa na jibu. Huko kila mtu alijifulia. Tulibeba maji yetu, tukaosha sahani zetu, tukafagia mahali petu pa kulala, na hakuna aliyeona kwamba heshima yake imepungua. Tulipovuka mlango wa nyumba yetu ndipo tulipogeuka wageni.

Chuoni Kabamba, tulipokuwa makadeti, tulifundishwa kwamba kabla ya kutoa amri afisa hana budi kuipima hali: kazi ni ipi, muda ni kiasi gani, watu ni wangapi, na kizuizi kiko wapi. Basi tulichukua daftari la mtoto tukaandika kila kazi iliyofanyika Jumamosi na Jumapili ile. Kufua na kusuuza, saa 4. Kupiga pasi, saa 2 na nusu. Kuteka maji, saa 1 na nusu. Sokoni, saa 2. Kupika milo ya siku zote mbili, saa 5. Vyombo na kupiga deki, saa 2. Jumla ni saa 17. Nje ya hizo sisi tulikuwa tumefanya nusu saa tu, nayo ni kupaka rangi viatu vyetu wenyewe.

Hesabu ikaendelea. Kupika hakuna budi kufanyike kila siku. Tukazitoa zile saa 5, zikabaki 12. Saa 12 zikigawanywa kwa watu wazima wawili na kwa siku tano, kila mmoja hupata saa 1 na dakika 12 kwa siku. Tulistaajabu. Jambo lililokuwa likitunyang'anya mtoto wetu lilikuwa ni saa moja na kidogo ya kila jioni, saa ambayo sisi tulikuwa tukiikalia mbele ya taarifa ya habari.

Hapo tukapanga orodha ya zamu, kama ile ya walinzi wa lango, tukaibandika ukutani.

Jambo la kwanza ni kufua. Nguo za wiki nzima ni mlima. Nguo za siku mbili ni kichuguu. Tulikubaliana kufua Jumatatu na Jumatano jioni, na kila mwenye sare aifue siku ile ile aivuapo, kabla jasho na tope havijashika. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, kufua kidogo kidogo kuna faida zaidi, kwani nguo chache huweza kukaukia ndani, lakini mlima wa nguo hungoja jua lisilokuja.

Jambo la pili ni makaa. Wengi wetu huwasha sigiri ili kupika, likazimika; kisha tukaliwasha tena kwa ajili ya pasi. Tuliunganisha kazi hizo. Alfajiri, kabla ya gwaride, tunalowesha maharagwe. Jioni tunamwaga maji yale, tunatia mengine, na kuyachemsha kwa nguvu nusu saa nzima. Kisha sufuria, ikiwa imefunikwa vyema, huingizwa katika kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu. Humo maharagwe huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe, bila mtu kuyasimamia, kwa muda wa saa tatu hivi. Makaa yaliyobaki hupasha pasi na maji ya kuoga. Kabla ya kula tunayachemsha tena.

Lakini tahadhari: ile nusu saa ya mchemko si ya hiari. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na mchemko mkali tu. Joto dogo haliiondoi hata likikaa muda mrefu, na aliyeharakisha hutapika usiku kucha. Wala asiye na friji asijaribu kupika chakula cha siku tatu ili kuokoa muda. Chakula kilichopoa na kulala huweza kuleta maradhi, na maradhi hula siku nyingi kuliko jiko.

Jambo la tatu ni kujua ni kazi gani isiyofaa kufanywa kabisa. Mwingereza mmoja, C. Northcote Parkinson, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la nchi yake, aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka hadi ikajaza muda wote iliyopewa. Aliwasema maofisi, lakini neno lake linafaa na jikoni. Naye mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1983 kwamba mashine za kufulia na vyombo vingine vya umeme havikuwapunguzia akina mama wa huko kazi kama ilivyotarajiwa. Kwa kuwa kufua kulikuwa kwepesi, watu walianza kudai nguo safi mara nyingi zaidi. Tuliposoma hayo tulitazama shuka zetu. Nani aliyeamuru zipigwe pasi? Nani hukagua soksi za mtoto? Sare ipigwe pasi mpaka ikate kama kisu, maana hiyo ni heshima ya taifa. Lakini nyumba si mstari wa ukaguzi. Tuliacha kupiga pasi shuka, soksi na nguo za kulalia, na hakuna aliyeona tofauti.

Jambo la nne ni gumu kuliko yote, nalo ni la nani afanye. Wako wanaodhani kwamba wamepata dawa kwa kumpa askari wa chini nguo za nyumbani mwao azifue. Huko si kuipunguza kazi, ni kumhamishia mwingine, tena asiyeweza kukataa. Hata msichana wa kazi, kwa aliye na uwezo wa kumwajiri, naye ana Jumamosi yake. Kazi ya nyumba ni ya waliomo nyumbani. Kijana wetu wa miaka 11 alipewa zamu ya vyombo. Dada yake alipewa kufagia na kukunja nguo. Na sisi tulipewa maji na kufua.

Tukiri kwamba tuliona haya. Jumatatu ya kwanza tulitoka uani na beseni la soksi mikononi, na papo hapo sajini mmoja akatokea kwenye kona. Alisimama wima kama mlingoti. Nasi tulisimama wima, na beseni letu. Tulitazamana. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Afande, rangi ya viatu ikiingia kwenye soksi, hutolewa kwa sabuni gani?" Tukajua kwamba hatukuwa peke yetu, kilichokosekana ni mtu wa kwanza kuonekana.

Wenzetu wa polisi watasema kwamba wao hawana Jumamosi wala Jumapili, kwa kuwa zamu huzunguka. Ni kweli. Basi mwisho wa juma wao uwe siku yoyote ya mapumziko, hata ikiwa Jumanne. Kwa nyumba ambayo mume na mke hupishana mlangoni, dawa ni ile ile ya kituoni: kitabu cha makabidhiano. Aendaye aandike kilichofanyika na kilichobaki: maji majerikani matatu, sare imeloweshwa, mtoto amekunywa dawa saa moja. Ajaye asianze kwa kuuliza, wala kwa kulaumu.

Na tusisahau jambo moja. Sheria ya Ajira ya nchi yetu, ya mwaka 2006, ilimwekea mwajiriwa siku moja kamili ya kupumzika baada ya siku sita za kazi. Lakini sheria hiyo hiyo ilisema wazi kwamba haimhusu mwanajeshi. Hatulalamiki, kwani adui hajui Jumapili. Maana yake ni kwamba Jumamosi yetu ni ya kubahatika: leo tunayo, kesho king'ora kinalia. Kitu adimu namna hiyo hakifai kutumiwa kwa kusugua kola.

Mpango wetu haukwenda kama gwaride. Wiki ya pili mvua ilinyesha siku nne, na mama watoto akabadilishiwa zamu. Jumamosi ikatukuta na beseni. Hatukuitupa orodha, tuliibadili. Tuliacha Ijumaa jioni bila kazi yoyote, iwe akiba ya kuziba pengo, kama kamanda asivyopeleka kikosi chote mstari wa mbele.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi, tulikuwa garini kuelekea Entebbe. Simba walikuwa wamelala. Aliyempendeza binti yetu ni korongo-nyangumi, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, anayeweza kusimama muda mrefu bila kutikisa unyoya. Alimtazama, akatutazama sisi, akasema, "Baba, huyu yuko zamu."

Aliporudi alilala mabegani mwetu tangu stendi hadi mlangoni. Mzigo ule ulikuwa mwepesi kuliko beseni lolote.

Tunawaandikia hasa vijana wanaojiandaa kwenda mbali na makwao, na waliorejea karibuni. Askari hufundishwa kuilinda mipaka ya nchi, na hiyo ni kazi tukufu. Lakini nyumbani pia pana mpaka, nao hupotea kimya kimya, Jumamosi baada ya Jumamosi, bila risasi kulia. Usingoje siku ile uulizwe ni nani aliyekufulia. Leo ni zamu yako: shika ndoo.