Mguu Gani, na Umevunjikaje?

Ndugu wanachama,

Msimu uliopita mchumaji mmoja, katika shamba la mwenzetu, alikatikiwa na tawi akaanguka. Kila mmoja wetu ajua kwamba tawi la mkarafuu hukatika ghafla bila ya kutoa onyo. Wenzake walimfunga ugoko kwa mabanzi na vipande vya kanga, wakamchukua hospitali. Huko karatasi yake iliandikwa maneno mawili tu: "Kavunjika mguu." Miezi ilipopita akadai fidia, maneno hayo mawili ndiyo yaliyomziba njia. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niwaeleze namna mvunjiko wa muundi unavyoandikwa, maana jambo hili latugusa sote.

Katika lugha yetu mguu huanza nyongani ukaishia ncha ya kidole. Paja ni mguu, ugoko ni mguu, na wayo pia ni mguu. Lakini karani wa hospitali anacho kitabu cha namba za maradhi, kinachotolewa na Shirika la Afya Duniani, na kila mvunjiko una namba yake humo. Chapa ya kumi ya kitabu hicho ilikubaliwa mwaka 1990. Chapa ya kumi na moja ilianza kazi tarehe 1 Januari 2022, na namba zake zimepangwa vingine. Lakini ya kumi ingali ikitumika katika nchi nyingi, na mifano yangu ni ya hiyo.

Humo paja limepewa S72; mifupa ya chini ya goti pamoja na kifundo, S82; na wayo, S92. Muundi wenyewe, yaani ule mfupa mkubwa wa mbele ya ugoko, umegawiwa tena: ukivunjika juu karibu na goti ni S82.1, katikati ni S82.2, na chini karibu na kifundo ni S82.3. Kisha huweza kuongezwa tarakimu moja mwishoni. Sifuri maana yake ngozi ni nzima. Moja maana yake pana jeraha lililofika penye mvunjiko. Basi S82.20 na S82.21 ni mfupa mmoja na mahali pamoja, lakini ni maradhi mawili yasiyolingana.

Hapa ndipo mwenzetu alipopotelewa na haki yake. Mbele ya ugoko hapana nyama ya kuusitiri muundi. Ngozi ni nyembamba, na ncha ya mfupa huichoma kwa wepesi. Yeye alikuwa na kitundu kisichozidi punje ya karafuu, nacho kilikuwa kimefunikwa na kanga. Hakuna aliyekitaja, na hakuna aliyekiandika. Karani hakumwona mgonjwa, aliiona karatasi tu. Na kanuni ya kitabu ni kwamba mvunjiko usioelezwa kama una jeraha au hauna, huhesabiwa hauna. Akaandikwa kama mtu mwenye ngozi nzima. Baadaye jeraha likaoza, akarudi kulazwa, na wale waliotakiwa kulipa wakauliza: jeraha hili limetoka wapi, mbona karatasi ya kwanza hailitaji?

Wala msidhani kitundu ni jambo dogo. Mwaka 1976 madaktari Gustilo na Anderson walitoa madaraja matatu ya mivunjiko yenye jeraha. Jeraha safi lisilofika sentimita moja lina daraja ya kwanza. Lakini mvunjiko wenye jeraha lililopatikana katika kazi ya shamba waliutia katika daraja ya tatu, kwa sababu ya uchafu wa udongo. Kwa hivyo neno "shambani" si pambo la karatasi. Daktari akilisikia mapema, huharakisha dawa ya kuua vijidudu, sindano ya pepopunda, na kuliosha jeraha vilivyo.

Kitabu kina namba ya sababu vile vile. Kuanguka kutoka mtini ni W14, na ikiwa ni shambani huandikwa W14.7. Mwenzetu hakuwa na namba hiyo, kwani haikuandikwa kwamba alianguka, seuze kwamba alianguka mkarafuuni.

Basi tumpelekapo mtu hospitali, tuhakikishe haya yamesemwa, na tuombe kwa adabu yaandikwe.

Kwanza, saa aliyoanguka na saa aliyofika. Pili, mguu wa kulia au wa kushoto; namba ya chapa ya kumi haibainishi upande, shurti uandikwe kwa maneno. Tatu, ni mfupa gani na sehemu gani, baada ya kupigwa picha. Nne, ngozi ni nzima au ina jeraha, hata likiwa dogo, na kama liliingia udongo. Tano, kama vidole vinacheza na vina hisia. Sita, alianguka kutoka mkarafuuni, shambani, akiwa kazini.

Lile la vidole lina khatari yake. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au vidole vikifa ganzi, ikiwa ni ndani ya mabanzi au ndani ya plasta, mgonjwa arudishwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Asingojewe mpaka asubuhi.

Tena karatasi za marudio zisitupwe. Mfupa ukikataa kuunga una namba yake, M84.1; na ukiunga kombo una yake, M84.0. Atakayedai kwamba hawezi tena kupanda mti, ushahidi wake ni zile karatasi za baadaye pamoja na ile ya kwanza.

Na mimi Katibu simo nje ya lawama. Tulipoulizwa siku aliyoanguka, nilifungua daftari la chama nikakuta jina lake na pishi alizochuma, basi. Ajali haikuandikwa. Ilibidi twende kwa wenzake watatu, mmoja mmoja, kukusanya ushahidi, na mwenye mguu akingoja kwa muda wa miezi mitatu. Mwisho alilipwa, lakini pungufu ya alivyotarajia.

Tangu sasa daftari lina ukurasa wa ajali. Kila mwenye shamba alete khabari siku ile ile, hata kwa kumtuma mtoto. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Na kwa mchumaji, mali yake ya kwanza ni miguu yake miwili.

Wassalaam,
Katibu wenu